Nchi Isiyo na Ligi, Yenye Tiketi ya Ulaya

Liechtenstein ina timu ya taifa, ina shirikisho la soka lililoundwa mwaka 1934, na ni mwanachama wa FIFA na UEFA. Ligi haina. Eneo lake ni kilomita za mraba 160, limebanwa kati ya Uswisi na Austria, na klabu zake ni saba tu. Ukizichezesha zenyewe kwa zenyewe msimu mzima, FC Vaduz itatangazwa bingwa mapema mno, na mchezaji mwenye kipaji hatapata wa kumpima.

Walichofanya ni kutenganisha mambo mawili ambayo kwingine huenda pamoja: ligi, na tiketi ya mashindano ya bara.

Ligi wanacheza Uswisi. Kila klabu imeingizwa kwenye madaraja ya huko kwa kadiri ya uwezo wake, inapanda na kushuka kama wenyeji. Vaduz ilifika Super League, daraja la juu kabisa, mwaka 2008, ikashuka, ikarudi tena 2014 na 2020. Muda mwingi iko Challenge League, daraja la pili. Klabu nyingine ziko chini zaidi.

Tiketi inatafutwa nyumbani, kwenye Kombe la Liechtenstein. Kwa klabu saba mtoano ungekwisha upesi, kwa hiyo zinaruhusiwa kuingiza vikosi vya pili na hata vya tatu. Bingwa anakwenda mechi za mchujo za Conference League. Sharti la mpango huu ni zito: Vaduz hata ikimaliza kileleni mwa ligi ya Uswisi, haiwezi kwenda Ulaya kwa mgongo wa Uswisi. Njia yake ni kombe tu.

Udhaifu uko wazi. Vaduz imelibeba kombe hilo zaidi ya mara 40, na fainali nyingi hazina presha yoyote. Hata hivyo naamini hesabu yao ni sahihi, na ushahidi ni Agosti 2022. Vaduz, timu ya daraja la pili, ilitoka sare ya 1-1 na Rapid Wien nyumbani, kisha ikaenda kushinda 1-0 mjini Vienna. Ikawa klabu ya kwanza ya nchi hiyo kuingia hatua ya makundi Ulaya. Ukomavu wa namna hiyo ugenini haujengwi na kombe la ndani. Unajengwa na mechi ngumu za kila wiki.

Zanzibar iko kinyume cha Liechtenstein: ina Ligi Kuu yake na bingwa wake hucheza Ligi ya Mabingwa Afrika, ila haimo FIFA. Inachokosa ni zile mechi ngumu. Zamani zilipatikana kwenye Ligi ya Muungano, pamoja na klabu za Tanzania Bara, na Malindi ya Zanzibar iliwahi kutwaa ubingwa mbele ya vigogo wa Bara. Ligi ya namna hiyo inaweza kurudishwa bila kugusa nafasi ya Visiwani CAF, maana Vaduz inacheza Uswisi mwaka mzima na kiti cha Liechtenstein UEFA kiko palepale.