Baiti 512 za Kwanza

Laptopu ya mtumba ambayo fundi wa Kendu Bay ameshaikatia tamaa inamfaa anayeanza kuandika mfumo endeshi wake kuliko mashine mpya. Ile kuukuu bado ina BIOS, programu ya zamani ya kuwashia mashine. Mpya nyingi zimebaki na mrithi wake, UEFI, peke yake, kwani mwaka 2017 Intel ilitangaza kwamba ingeachana na BIOS kufikia 2020. UEFI hukurahisishia mengi, lakini hukunyima utamu wenyewe.

BIOS husoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, na kuipakia kwenye anwani 0x7C00. Ikikuta baiti mbili za mwisho ni 0x55 na 0xAA, humwachia prosesa aruke humo. Kuanzia hapo hakuna Windows wala Linux. Ni wewe na chuma. Salamu ya Kijaluo, AMOSI, unaiandika kwenye anwani 0xB8000: kila herufi baiti moja, rangi yake baiti moja, jumla kumi.

Jaribu kwanza ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, ila ujue QEMU ni mpole mno. Mara nyingi hukukabidhi rejista za segmenti zikiwa sifuri, hivyo aliyesahau kuzipanga hupita salama. Akihamia kwenye laptopu yenyewe, skrini nyeusi! Kila BIOS huziacha inavyotaka. Mistari ya kwanza ya asembli iziweke sawa DS, ES na SS, kisha staki.

Mtego mkubwa huja ukiingia hali ya biti 32. BIOS ilikuwa imeipa saa ya mashine katizo namba 8, na namba hiyohiyo Intel iliitengea hitilafu maradufu. Usipoipanga upya chipu ya 8259, inayosimamia makatizo ya vifaa, ianzie, tuseme, namba 32, kila mdundo wa saa utaonekana ajali. Na kama jedwali la makatizo halipo, prosesa hukosa pa kukimbilia, mashine ikajiwasha upya bila neno.

Linus Torvalds, huko Helsinki mwaka 1991, alianza na kazi mbili zikipokezana: moja ikichapa A, nyingine B. Mimi ningeishia hapo kwanza. Faili na madirisha yangoje. A na B zikipokezana bila kukwama, saa inadunda, makatizo yanafika, na staki ya kila kazi inarudishwa ilivyoachwa.