Barafu Haipimi Blenda

Juzi nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, na mtoto wa dada yangu anayeolewa mwezi ujao. Tulikwenda kutafuta blenda ya kuingia nayo kwa mumewe. Muuzaji alikuwa ameipanga mashine juu ya kaunta: kubwa, nyeusi, ina taa ya buluu na kibandiko cha rangi ya dhahabu kilichoandikwa 4500W. Akatia vipande kumi vya barafu, akabonyeza. Ngurumo ya sekunde tano, barafu ikawa unga. Watu wakapiga makofi, na kina mama watatu wakafungua pochi palepale. Mtoto akanivuta mkono: "Mama mdogo, ndiyo hii." Nikamwambia twende nyumbani. Hasira niliyopanda nayo daladala siku ile ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Barafu haipimi kitu. Barafu huvunjika kwa kugongwa, na kila kinachovunjika kikaruka hurudi chini chenyewe kugongwa tena. Hata mashine nyingi dhaifu huisaga, mradi visu vyake havijapinda. Hata zile video za Tom Dickson wa Blendtec, Marekani, alizoanza kuonyesha mwaka 2006 akisaga kila kitu mpaka simu ya iPhone, ziliwafundisha watu jambo lisilo. Ile mashine ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini simu ni kitu kikavu na kigumu, na kwa blenda kikavu na kigumu ndicho rahisi. Kinachoitesa ni kizito kinachonata: mchele uliolala majini ukapewa tui kidogo tu, kunde za bajia zisizotaka maji, tende, karanga za kukaanga zinapoanza kutoa mafuta. Aliyesifia barafu hajaonyeshwa lolote.

Na ile 4500W tuipigie hesabu. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ya ampea 13. Umeme wetu ni volti 230. Zidisha: wati 2,990, hapo ndipo fyuzi inapofikia. Mashine inayokula wati 4,500 kwa kweli ingetaka karibu ampea 20, kupita kabisa kiwango cha fyuzi ile. Basi namba ile ni uongo mtupu, au ni nguvu ya kitambo kidogo, iliyopimwa mota ikiwa imekabwa mpaka inakaribia kuungua. Wamarekani nao wanaandika nguvu za farasi za kilele. Farasi mmoja ni wati 746, kwa hiyo mashine za farasi wawili hazijafika hata wati 1,500, na jikoni zinasifiwa. Mimi sisomi wati. Nainua kitako kwa mkono mmoja. Kikiinuka kama sahani, naacha.

Shangazi yangu alipika vitumbua Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12, kila siku ya Mungu kabla ya adhana ya alfajiri. Alianza na kinu, akaja kupata National ya Kijapani yenye jagi la kioo, na mashine ile ilimalizisha watoto wanne shule. Hakuwa akiwasha kisha akaondoka kufanya lingine, kama wafanyavyo wasichana wa sasa. Aliinama juu ya jagi, kiganja juu ya mfuniko, macho katikati. "Tazama kitovu, mwanangu," aliniambia. "Kitovu kikifunga, zima."

Kitovu ni lile shimo linalofunguka katikati ya jagi chakula kinapozunguka. Likiwa wazi, kila kilicho juu kinavutwa kati, kinateremka kwenye visu, kinarushwa ukutani, kinapanda, kinarudi tena kati. Hapo blenda inasaga. Likifunga, juu pametulia kama uji uliopoa, chini kuna kelele tu. Visu vimejichimbia pango la hewa na vinazunguka patupu, na mchele umeshikamana ukutani haujui kinachoendelea. Hili ndilo jambo ambalo asiyejua halioni hata ukimwonyesha mara tatu, kwa sababu sikio linamdanganya. Mota za blenda, hizi zenye brashi za kaboni, hazina kasi moja. Zikibeba mzigo zinakwenda pole kwa sauti nzito. Mzigo ukitoka zinakimbia. Kwa hiyo pango la hewa likijifunga, sauti inapanda ghafla na kuwa nyembamba, kama bodaboda iliyotolewa gia. Mnunuzi anatabasamu: "Sasa imeshika kasi!" Imeshika kasi ya bure. Iache hivyo dakika kumi, utakuta mota imepata moto na chenga ziko vilevile.

Blenda nzuri ikisaga mchele wa vitumbua ina mwendo wake wa sauti, na ukishausikia mara moja hutausahau. Kwanza punje zinagonga jagi kama mvua ya kwanza juu ya bati. Mlio huo unazama, unakuja mchakacho wa mchanga unaoburutwa. Mchakacho nao unapungua, mpaka unabaki mvumo mmoja mzito usiotetereka. Mashine yenye nguvu ya kweli inafika kwenye mvumo huo bila kukwama. Nzuri ya kawaida inakwama mara moja au mbili. Unazima, unaacha povu la hewa lipande, unaongeza kijiko cha tui, unaanza tena kasi ya chini. Isiyofaa inakudai tui mpaka mchele umekuwa maji, halafu unapika vitumbua vinavyotawanyika kwenye chuma, unasingizia hamira.

Mvumo ukitulia, zima, chomoa, chukua tone kwa kijiko, liweke kati ya meno ya mbele uyasuguanishe taratibu. Ulimi unaridhika haraka. Meno hayakubali hata chenga moja. Shangazi alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi, na nilimwona akirudisha mchele kwenye jagi wateja wameshasimama mlangoni.

Kwa hiyo nenda dukani na mchele wako. Loweka usiku kucha, vikombe viwili, uchuje, ubebe kwenye kikopo. Muuzaji anayeijua mali yake atakuruhusu. Anayekuambia "tusage barafu tu, mama" ameshakujibu.

Kunde ni mtihani wa juu zaidi, na hapo nakubali kwamba blenda nyingi nzuri hushindwa bila aibu yoyote. Kunde za bajia zinasagwa karibu kavu. Ukitia maji bajia zinakunywa mafuta. Wahindi walilijua tatizo hili mapema. Katika miaka ya 1960 mama mmoja wa Kihindi, Madhuri Mathur, alikuwa na mashine ya Ulaya iliyozidiwa na usagaji wa jikoni kwake, na mumewe aliyekuwa mhandisi akatengeneza nyingine ya kuhimili. Ndiyo Sumeet, na ndugu zake wote wa leo: kijagi cha chuma, chembamba, visu vimelala karibu na sakafu, mfuniko wa kuba. Mwenye biashara ya bajia anunue hiyo, aache kuitesa blenda ya juisi.

Jagi nalo. Jagi la duara tupu, laini ndani kama glasi, mimi silihesabu kuwa jagi. Chakula kinazunguka nalo kama maji ya bafu. Linatakiwa liwe na kingo au mbavu nne za kukivunja mwendo na kukisukuma kati, ndipo kitovu kifunguke. Kioo ni kizuri kwa pilipili na manjano kwa sababu hakishiki rangi wala harufu, ila usikimiminie uji wa moto kikiwa kimetoka kwenye friji, kitapasuka. Plastiki ngumu ni nyepesi, inavumilia kuanguka, lakini viungo vikavu vinaikwaruza mpaka inakuwa ukungu. Visu havihitaji kuwa vikali kama wembe. Vinafanya kazi kwa kasi: kisu cha sentimita 8 kikizunguka mara 20,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda kilomita 300 kwa saa. Kwa mwendo huo hata butu linakata. Na pasheni haisagwi. Bonyeza na kuachia mara tatu, nyama iachane na mbegu, uchuje. Mbegu zikipasuka juisi inakuwa na vidoa vyeusi na uchungu, na sukari haiutoi.

Kuhusu mota, nina fundi wangu Magomeni anayezisuka tangu enzi ambazo kila mota ilikuwa shaba tupu. Mwaka jana alinifungulia moja iliyokuja kwake ikinuka, imeandikwa ubavuni kwamba mota yake ni shaba halisi. Akachukua wembe, akakwangua waya mmoja mara mbili tu. Wekundu ukatoka, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa. Akaniwekea kiganjani, akanyamaza. Alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, kwa hiyo waya wa unene uleule unapata moto haraka zaidi, na mwenye mashine anaambiwa kosa ni lake, amesaga muda mrefu. Dukani huwezi kukwangua. Lakini unaweza kuchungulia kwenye matundu ya hewa mashine ikiwaka, mahali penye kiza. Cheche ndogo za buluu kwenye kaboni ni za kawaida. Ukiona pete ya moto imezunguka, rudisha mashine kwenye boksi.

Sasa usalama. Hili silisemi juujuu, kwa sababu nimeona uso wa kijana ulioungua. Ilikuwa katika jiko kubwa nililowahi kufanyia kazi. Alitoa supu ya maboga motoni, akajaza jagi mpaka juu, akafunga mfuniko vizuri kabisa, akawasha kasi ya mwisho. Kufunga vizuri ndiko kulikomponza. Supu ya moto ikipigwa inatoa mvuke mwingi kwa mara moja, hewa ya ndani inapanuka, haina pa kutokea, mfuniko unaruka na supu inaufuata. Acha ipoe kidogo. Jaza theluthi ya jagi, usizidi. Toa kifuniko kidogo cha katikati, funika tundu kwa taulo lililokunjwa, shika kwa kiganja, anza kasi ya chini kabisa, panda polepole. Na vile vikombe vidogo vya kufunga kwa kuzungusha, vinavyopinduliwa juu ya mota, havina tundu lolote: visiguswe na kitu cha moto, wala visiachwe vikizunguka dakika nyingi, maana msuguano peke yake unapasha chakula na kukijaza mvuke. Mtu akiungua, maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta, si unga.

Mwiko hauingii kwenye blenda inayozunguka. Jirani yangu alisukumia ndizi kwa mwiko wa mti, akampa mtoto uji wenye vibanzi. Mashine za bei kubwa huja na mchi wa plastiki unaopita kwenye tundu la mfuniko, umekatwa urefu usifikie visu. Kama yako haina mchi, zima, chomoa, koroga, washa. Sisemi zima tu. Swichi inaguswa na kiwiko, inaguswa na mtoto, na umeme ukikatika ukarudi, blenda iliyoachwa ikiwa imewashwa inaondoka yenyewe na vidole vyako ndani. Kuosha: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, izungushe nusu dakika, mwaga, suuza. Na mota ikijizima yenyewe kwa joto, iache ipoe. Kuipiga makofi kitakoni hakuisaidii.

Kisamvu nakitaja kwa sababu wengi wamehamisha kinu na kuweka blenda. Inasaga, na rangi inapendeza. Lakini kusaga peke yake hakumalizi sumu ya majani yale. Bado kinataka kuchemka muda wake wote, sufuria wazi.

Mtoto wa dada hatimaye nilimnunulia iliyotumika, wati 1,200, jagi la mbavu nne, kwa mama aliyekuwa anafunga mgahawa. Mchele wangu ulifika kwenye mvumo kwa kukwama mara moja. Kabla ya kutoa pesa nilimwomba mama huyo aniachie jagi lile siku moja. Anayenunua ya mkononi asiruke hatua hii: shika visu kwa kitambaa, visukume juu na chini, vikicheza, bushi imekwisha. Kisha jaza jagi maji nusu, lipanguse kitako mpaka likauke, litue juu ya karatasi nyeupe ya chooni iliyokunjwa mara mbili, ulale. Asubuhi inua. Karatasi kavu, nunua. Ikiwa na duara la maji, sili imechoka, omba upunguziwe bei ya kubadilisha. Duara likiwa jeusi, hiyo ni grisi, na kabla ya kufika kwenye karatasi ilikuwa inakwenda kwenye juisi.