Mizani ya Michezo ya Shule

Katika ndondi mtu wa kilo 50 hapambanishwi na mtu wa kilo 90. Mizani hutangulia, ngumi hufuata. Wala hakuna asemaye kuwa mwepesi amependelewa au mzito amedhulumiwa. Lakini, msomaji, mashindano ya mpira ya shule zetu za sekondari hayana mizani. Hupangwa kwa mipaka ya utawala: shule hushindana kwanza na jirani zake, kisha katika kaunti ndogo, kaunti, kanda ya Pwani, taifa, na mwisho Afrika Mashariki. Ndani ya mpaka zote huhesabiwa sawa, iwe shule ya wanafunzi 100 au 1,000, ya kutwa au ya bweni, ya umma au ya binafsi.

Itazame Garsen. Kaunti ya Tana River ina zaidi ya kilometa za mraba 35,000, na katika hesabu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 315,943. Mombasa, yenye kilometa za mraba zisizofika 300, ilikuwa na watu 1,208,333. Fikiri maana ya tarakimu hizi kwa mwalimu wa michezo. Yule wa Mombasa hupata wapinzani wa mazoezi kwa nauli ndogo ya matatu. Yule wa Garsen akitaka kwenda Malindi ana safari ya zaidi ya kilometa 100. Akitaka kwenda Hola, makao makuu ya kaunti yake, hupita bondeni ambamo maji hukata barabara. Mto Tana ulipofurika mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2023, watu walihama makwao. Wakati kama huo uwanja u wapi, na wa kufanya mazoezi ni nani?

Juu ya hayo kuna jambo la wachezaji kuchukuliwa. Shule yenye fedha humwona kijana hodari wa kijijini, ikamsamehe karo, ikamlisha na kumpa viatu. Kijana amefaidika, na mimi nikiwa mwalimu wake ningemwambia aende. Hata hivyo shule aliyoiacha imepata hasara mara mbili: imempoteza, na mwaka ufuatao yaweza kumkuta upande wa pili wa uwanja.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuzitenga shule za binafsi zishindane peke yao. Shauri hili silikubali. Ziko shule za binafsi zenye madarasa manne na uwanja wa kuazima, na ziko za umma, kama Kakamega na St. Anthony's ya Kitale, zilizopata kuwa mabingwa wa taifa katika kandanda. Jina la mwenye shule halituambii uzito wake.

Huko Marekani, katika jimbo la Texas, shule hugawanywa madaraja sita kwa idadi ya wanafunzi, na hesabu hurudiwa kila miaka miwili. Ohio walikwenda mbele zaidi: mwaka 2014 shule zilipiga kura kukubali kanuni, iliyoanza kutumika 2017, ambayo huongeza hesabu ya shule kwa ajili ya wachezaji watokao nje ya eneo lake. Ajazaye timu yake kwa wageni hupanda kwa wazito wenzake. Kwetu, ambako shule za bweni hupokea watoto wa kila mahali, afadhali ahesabiwe mchezaji aliyehama kutoka sekondari nyingine.

Huenda ukasema mdogo hujifunza kwa mkubwa. Ni kweli, mara moja moja. Lakini kufungwa mabao manane kila mwaka ni somo gani? Sekondari ya juu sasa ni miaka mitatu tu. Msichana wa mpira wa wavu ambaye timu yake hutolewa siku ya kwanza kila mwaka huondoka shuleni akiwa na siku tatu za mashindano, wala hapana mtu wa Mombasa aliyemwona akicheza.

Gharama itaongezeka, sikatai, maana mabingwa wa madaraja mawili watahitaji magari mawili. Hesabu yenyewe haihitaji fedha. Mwezi wa Januari kila mwalimu wa michezo wa Tana Delta aandike idadi ya wanafunzi wake na ya wachezaji waliohamia kwake, na orodha isomwe mbele ya wenzake wote kabla ratiba haijapangwa.