Kasiki Isiyotakiwa Kuvuja

Ukiingia ghala la zamani la mvinyo huko Vila de Frades, mji mdogo wa kusini mwa Ureno, usikimbilie kutazama kasiki zilizopangwa ukutani. Tazama kwanza sakafu. Imeinama kidogo kuelekea upande mmoja, na inapoishia pana shimo, mara nyingi ni mtungi uliozikwa hadi mdomoni. Wenyeji huliita ladrão, yaani mwizi. Kasiki ikipasuka usiku, mvinyo hutiririka hadi kwa mwizi, na asubuhi mwenyewe huuteka akautia kwingine. Waliojenga maghala haya walijua kwamba chombo kinaweza kuwapasukia, wakajiandaa mapema.

Chombo chenyewe kinaitwa talha. Ni kasiki ya udongo wa kuchoma, nene, yenye tumbo pana, na kubwa zake huchukua zaidi ya lita 1,000. Mkoa huu ni Alentejo, na ufundi huu ni wa tangu Warumi. Magofu ya jumba lao la São Cucufate bado yamesimama karibu na mji huo. Neno mvinyo tumelipata kwa Wareno, lakini ufundi wa kuupika kwenye udongo ulibaki kwao.

Kila aliyekulia nyumba yenye mtungi anajua tabia ya udongo: hutoka jasho. Maji hupenya taratibu, yanakauka kwa nje, na yale ya ndani yanapoa. Kwa maji hiyo ni neema. Kwa mvinyo ni hasara, kwa sababu unapungua, na hewa inayopenya huugeuza siki. Ndiyo maana talha haitumiki kabla ya kupakwa pez, ulimbo wa msonobari uliopikwa ukawa mweusi, ambao wengi huuchanganya na nta ya nyuki. Kasiki hupinduliwa juu ya moto hadi ipate joto na ulimbo wa zamani uyeyuke. Kisha hulazwa ingali ya moto, ulimbo mpya humiminwa ndani, na kasiki huviringishwa ili usambae kila mahali. Kila fundi ana mapishi yake, na hayatoi ovyo.

Mavuno huja mwishoni mwa kiangazi. Zabibu huchambuliwa kwenye vikonyo, zikapondwa, kisha kila kitu huingia kasikini pamoja: maji yake, maganda na mbegu. Chachu iliyo kwenye zabibu zenyewe inaanza kazi bila kuongezewa. Hapa ndipo penye hatari. Hewa ya ukaa inayozalishwa husukuma maganda juu, yakashikamana na kuwa kifuniko kizito. Kifuniko kikiziba, hewa haina pa kutokea, na udongo hauna mnyumbuko: unapasuka. Kwa hiyo mtu hupanda ngazi angalau mara mbili kwa siku, akayasukuma maganda chini kwa mti mrefu. Hakuna sikukuu wala udhuru. Siku za joto kali, kasiki humwagiwa maji au kufunikwa vitambaa vibichi ili chachu isife kwa moto wake yenyewe.

Lakini sehemu ninayoistaajabia zaidi ni ile isiyohitaji nguvu. Uchachukaji ukiisha, maganda na mbegu huzama polepole hadi chini, pamoja na vikonyo vichache vilivyorudishwa makusudi. Hapo hulala kama tabaka la mchanga na kokoto katika chujio la maji. Tundu la kutolea mvinyo limewekwa karibu na kitako, kwa hiyo mvinyo lazima ushuke kupitia tabaka hilo ndipo utoke. Bilula ya mbao ikigongwa mahali pake, matone ya kwanza huwa na tope. Hurudishwa juu, yakapita tena, na tena, hadi yatoke maangavu. Hakuna pampu wala karatasi ya kuchujia. Taka za kazi zimegeuzwa kifaa cha kazi. Juu, mvinyo unaobaki humiminiwa mafuta ya zeituni, nayo yakielea huzuia hewa.

Siku ya kufungua ni tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin. Kanuni za mvinyo wa talha, zilizotungwa mwaka 2010, zinataka maganda yabaki ndani hadi siku hiyo. Nazikubali kanuni hizo kwa moyo wote, maana anayefungua mapema anauza mvinyo ambao chujio lake halijatulia.

Katikati ya karne ya 20 vyama vya ushirika vilijenga matangi ya saruji, wakulima wakapeleka zabibu huko, na talha nyingi zikabaki mapambo ya bustani. Leo mvinyo huu unatafutwa tena, na watengenezaji wakubwa nao wamezirudia kasiki. Shida iliyobaki si soko. Wanaojua kuzipaka ulimbo ni wachache, na ufinyanzi wa kasiki kubwa karibu ulikufa, hivyo nyingi zinazotumika ni za zamani. Kasiki bila ulimbo ni mtungi wa maji tu.

Ukijaliwa kufika Alentejo, nenda Novemba, bilula zinapogongwa. Onja mvinyo, lakini muulize mwenyeji wako ni nani aliyezipaka kasiki zake, na kama fundi huyo ana mwanafunzi.