Heko kwa Big Bertha

Katika roketi zote za kujiundia nyumbani zilizotolewa na Estes, kampuni aliyoianzisha Vern Estes huko Colorado, Marekani, mwaka 1958, naipenda Big Bertha kuliko zote. Wengi husifu Alpha. Ni nzuri, lakini hupaa upesi mno, jicho halishibi. Bertha ni nene, huondoka taratibu ukiiona vizuri, kisha hufungua parachuti na kushuka polepole. Na yale mapezi ya mbao ya balsa! Sharti nyuzi za mbao zifuate ukingo wa mbele, la sivyo pezi huvunjika kirahisi. Unapiga msasa hadi kidole kiteleze, ndipo unatia gundi. Seti zenye mapezi ya plastiki humnyima mtoto raha hiyo. Hongera sana waliotuachia kazi hii tuifanye wenyewe.