Sifa za Kuti

Rasi ya Chale ndiyo inayoikinga Ghuba ya Gazi na mawimbi, na nyuma ya kinga hiyo mikoko imenawiri. Kwa vizazi vingi nyumba ya Mdigo ilipata humo miti yake, ikiuzwa kwa korija na kuitwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Juu ya hiyo likapandishwa kuti.

Litazame likishonwa. Mshonaji, mara nyingi mwanamke, ameketi kivulini, ujiti uliochongwa kwenye upongoo umelala mapajani. Majani ya mnazi yanakunjwa juu ya ujiti, uzi wa miyaa unapita, unavutwa, kisha yanafuata mengine yakiyapanda kidogo yale ya kwanza. Mkono hausimami hata mazungumzo yakinoga. Hilo ndilo kuti la kiungo, la kuezekea. La kumba husukwa likiwa bado na upongoo wake, nalo ni la ua na kuta za banda. Fundi wa paa huanzia upenuni akipanda kuelekea kileleni, na paa lake hulisimamisha: likilala mno maji hutuama, na kuti lililooza halina dawa.

Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa ovyo kuwa kuni za viwandani, mahali pengine pakabaki tope tupu. Upandaji upya ulianza 1991, na tangu 2013 Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni, hulinda hekta 117 kwa biashara ya hewa ukaa. Fedha zake zimeingia kwenye maji na shule. Ulinzi huo ulidai miti mingine ya kujengea, ndipo mivinje ikapandwa. Kuti halikulalamika. Hushika juu ya mvinje kama lilivyoshika juu ya mkoko.

Wapenda mabati husema makuti huchakaa upesi, na moto nao ni hatari ya kweli. Mimi kuchakaa huko nakuhesabu sifa. Banda la wavuvi pwani ni la wote. Likivuja, hapana budi watu wakae tena: nani ataleta makuti, nani atapanda juu, nani atapika. Bati lingewakutanisha mara moja tu, kisha ujuzi wa kushona ungekosa kazi. Makuti yaliyoshushwa huwashia moto chakula cha wajenzi, na yanayosalia hutandazwa shambani.