Noti Iliyorukwa

Ngoma kubwa inaanza peke yake. Mapigo mawili mazito, halafu manane ya haraka yaliyobanwa ndani ya muda usiofika sekunde moja, halafu manne mazito tena, na duru inarudi ilikoanzia. Gitaa halijasikika, kinanda hakijasikika, wala mtu hajafungua kinywa. Aliyeko ukumbini ana muda wa kuuacha mguu wake ushike mdundo kabla chochote kingine hakijaingia. Ndivyo unavyofunguka “Blue Monday” wa New Order, singo iliyotolewa na Factory Records ya Manchester tarehe 7 Machi 1983.

Wimbo una dakika 7 na sekunde 29. Sauti ya Bernard Sumner husubiri zaidi ya dakika mbili ndipo iingie, na ikiingia haina haraka wala machozi; anaimba kama mtu anayesoma barua asiyotaka ajulikane imemuuma. Watu wa redio waliozoea nyimbo za dakika tatu hawakuandaliwa toleo fupi. Uliuzwa kwenye santuri ya inchi 12, ile kubwa waliyoipenda ma-DJ kwa sababu mifereji yake ina nafasi na besi inatoka nene.

Historia ya bendi yenyewe nitaipitia upesi, maana imesimuliwa mara nyingi. Sumner, Peter Hook wa gitaa la besi na Stephen Morris wa ngoma walikuwa Joy Division mpaka mwimbaji wao, Ian Curtis, alipojiua Mei 1980. Wakabadili jina, wakamwongeza Gillian Gilbert kwenye vinanda na gitaa, na wakaanza kusikiliza muziki wa disko kwa makini ambayo wapenzi wengi wa magitaa wa Uingereza wangeyaonea aibu. Mdundo wa “Blue Monday” una deni kwa wimbo mmoja wa Donna Summer, besi yake ina deni kwa Sylvester, na wenyewe hawajawahi kuficha. Fundi mzuri hujua alikookota mbao.

Kinachonivuta mimi ni namna ulivyofungwa skrubu kwa skrubu. Mwaka 1982, walipokuwa wakiutengeneza, mashine za muziki zilikuwa hazielewani. MIDI, ule mfumo unaowezesha kinanda cha kampuni moja kuamuru kinanda cha kampuni nyingine, ulifika sokoni mwaka uliofuata. New Order walikuwa na mashine ya ngoma ya Oberheim DMX, sinthesaiza ya Moog Source kwa ajili ya besi, na sikwensa ya Powertran, mashine ya kupiga noti zilizopangwa kabla, ambayo Sumner aliiunga mwenyewe kutoka kwenye vipande vilivyouzwa kwa watu wanaopenda kujiundia vifaa. Ili DMX na sikwensa viende pamoja, ilibidi mtaalamu wa umeme waliyemfahamu awatengenezee saketi ya kuviunganisha. Mtayarishaji wa leo, awe Sinza au Manchester, anafungua kompyuta na kukuta kila kitu kimeshapangwa kwenye mstari mmoja wa saa. Wao saa hiyo waliiunda kwanza.

Tena mashine hizo zilikuwa na kumbukumbu dhaifu. Hook husimulia kwamba walikuwa wameshaupanga mdundo vizuri kwenye DMX, kisha Morris akaukanyaga waya wa umeme ukachomoka ukutani na kazi yote ikapotea. Wakaupanga upya. Hook hushikilia kwamba ule wa kwanza ulikuwa bora zaidi, dai ambalo hakuna atakayeweza kulipinga.

Sehemu ninayoirudia zaidi ni ya Gilbert. Sikwensa ile haikuwa ya kupigwa kama kinanda na yenyewe ikakumbuka. Kila noti iliingizwa peke yake, hatua kwa hatua, na kila kimya kati ya noti na noti kilihesabiwa na kuingizwa vilevile. Gilbert aliuandika wimbo mzima kwenye karatasi alizoziunga kwa utepe wa gundi mpaka zikawa ndefu ajabu, kisha akakaa kuziingiza. Fikiria kazi hiyo: huwezi kusikia unachofanya wakati unakifanya. Sikio lako, chombo kikuu cha mwanamuziki, halina kazi mpaka umalize. Unachokitegemea ni kidole na hesabu.

Katikati ya hesabu hiyo akaruka noti moja. Kwa kuwa sikwensa haifikirii, haikuziba pengo. Ilivuta noti zote zilizofuata mbele, na melodi ya kinanda ikakaa pembeni kidogo ya mdundo badala ya kuukalia juu. Usikilize tena wimbo huo kwa kuifuata melodi hiyo pekee. Utaona haitui pale mguu unapotua. Inaegemea, inapishana na ngoma, inarudi, na wewe unabaki na hamu ya kusubiri ikae sawa. Kosa likaachwa, na nadhani kuliacha ndiko kulikohitaji sikio zuri zaidi kuliko jambo jingine lolote lililofanyika katika studio ya Britannia Row, London. Kusahihisha kungewezekana. Wimbo ungenyooka, na ungepungukiwa.

Juu ya mitambo yote hiyo Hook akaweka mkono. Mpiga besi wa kawaida hukaa chini, akalinda msingi. Yeye, kwa kuwa msingi ulikuwa umeshashikwa na Moog, alipanda juu ya shingo ya gitaa lake la nyuzi sita na kupiga melodi ya upweke, aliyosema aliichota kwa Ennio Morricone, mtunzi wa muziki wa filamu za kauboi za Kiitaliano. Nyuzi zinatetema, kidole kinasikika kikiteleza. Bila sehemu hiyo wimbo ungebaki maonyesho ya mashine.

Halafu ile kwaya baridi inayopita kama upepo mlangoni. Si ya watu waliosimama studio. Ni sauti iliyochukuliwa kutoka rekodi ya Kraftwerk, Wajerumani waliowatangulia wote katika njia hii, ikaingizwa kwenye Emulator, kinanda kilichoweza kunasa sauti yoyote na kuipiga kwa vibonye. Inajulikana kwamba walipokuwa wakijifunza kukitumia waliyarekodi mashuzi. Sioni ubaya, chombo kipya huzoewa kwa mchezo.

Emulator ilihifadhi sauti zake kwenye diski laini, zile bapa nyeusi za inchi 5.25. Mbunifu wa Factory, Peter Saville, alipowatembelea bendi aliiona diski ya aina hiyo, akaomba kuichukua, na jalada likazaliwa. Santuri ilivishwa bahasha nyeusi iliyokatwa matundu kama ya diski, na ndani yake karatasi ya fedha inayochungulia kwenye matundu hayo. Mbele hakuna jina la bendi wala la wimbo. Kuna vipande vya rangi tu vilivyopangwa ukingoni, na kila rangi ni herufi. Ufunguo wa kuzisoma ulichapishwa nyuma ya albamu yao ya Power, Corruption & Lies, iliyotoka Mei 1983. Maana yake mnunuzi wa Machi alirudi nyumbani na kitu kilichoandikwa jina lake waziwazi, ila hakuwa na namna ya kulisoma. Wimbo wenyewe haukuwemo kwenye albamu hiyo ilipotoka Uingereza.

Jalada hilo ndilo lililoleta hadithi maarufu kuliko zote: kwamba kulikata kulikuwa ghali kiasi kwamba Factory walipata hasara kwa kila nakala iliyouzwa. Tony Wilson, mkuu wa kampuni, aliipenda sana hadithi hii, na kiasi cha hasara hubadilika kulingana na anayesimulia. Ninachokiamini ni kwamba hawakutarajia kuuza nyingi. Matoleo ya baadaye yaliachana na matundu, yakabaki yamechorwa tu. “Blue Monday” ikaja kuwa singo ya inchi 12 iliyouzwa kuliko zote nchini Uingereza, lakini kwa kuwa Factory hawakuwa wanachama wa BPI, chama cha kampuni za muziki, mauzo hayo hayakupewa diski ya dhahabu.

Jambo la kuchekesha ni kwamba wimbo huu ulianza kama njia ya kukwepa kazi. New Order hawakupenda kurudi jukwaani mwisho wa shoo mashabiki walipopiga kelele za “tena!”, wakawaza kutengeneza kitu ambacho wangebonyeza kitufe, kikajipiga, wao wakaenda zao. Ila walipoalikwa kwenye Top of the Pops ya BBC, mwishoni mwa Machi 1983, ambako karibu kila msanii alifungua mdomo tu juu ya rekodi, wakashikilia kupiga moja kwa moja. Mitambo ikawagomea mbele ya nchi nzima. Ukiitazama picha ile leo unawaona wanne wamesimama kwa wasiwasi, kila mmoja ameinamia kifaa chake, na wimbo unasikika mwembamba.

Wimbo ulifika namba 12 majira hayo ya kuchipua, ukashuka, kisha ukapanda tena wenyewe hadi namba 9 mwezi Oktoba, inaelezwa kwa sababu Waingereza waliousikia kwenye disko za likizo zao Ulaya walirudi wakiutafuta. Mwaka 1988 ukachanganywa upya chini ya Quincy Jones na John Potocker, ukafika namba 3, juu zaidi ya wa kwanza. Toleo hilo limejaa madoido, na kila kipande kimepigwa msasa na mabingwa. Nikiombwa kuchagua la kuweka kwenye gramafoni, nitaweka la 1983, na nitaliacha liende dakika zake zote saba.